Tupeane uzoefu: Je, mbwa aruhusiwe kuingia ofisini?

Mwana wa Kibokoni
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, barabara ya Nkrumah, Mombasa, ambako tangu mwezi uliopita mkurugenzi ameruhusu wafanyakazi waje na mbwa wao kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita, saa sita na robo, nilikuwa nimekwisha kutia udhu na kuvaa kanzu, nikainama kufunga droo, na mbwa wa mwenzangu, mnyama mpole kabisa, akaja akaulamba upindo wa kanzu mpaka ukalowa. Kwetu sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo, na mimi niko ghorofa ya tatu. Nilikimbia nyumbani kubadilisha, nikafika msikitini imamu amekwisha kutoa salamu. Simchukii mnyama yule wala mwenye naye, lakini sala ya Ijumaa imenipita nami niko hatua chache tu kutoka msikitini, na jambo hilo limeniuma. Naomba waliopitia haya waseme walifanyaje.

Bint Kuze
Pole, kaka. Yalinifika hayo hayo, ila kwangu lilikuwa buibui.

Msomaji wa Ganjoni
Tusiifanye dini nzito kuliko ilivyo. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, si najisi, na katika Suratul Kahf mbwa wa watu wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.

Bint Kuze
Ni kweli, naye alikaa kizingitini. Hakuingia ndani kulamba kanzu za watu.

Mama wa Bamburi
Naomba na sisi wenye mbwa tusikilizwe. Ninaishi peke yangu katika nyumba ya kupanga, na nikitoka asubuhi mbwa wangu hulia hadi jioni, majirani wakanishtaki kwa mwenye nyumba. Nilijaribu kumwacha garini nje ya ofisi, madirisha yakiwa wazi kidogo, katika joto la kaskazi. Nilipoteremka saa nne nilimkuta amelala ubavu, ulimi nje, akihema kwa haraka, na ufizi umekuwa mwekundu sana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Nilimmwagia maji ya dukani chupa baada ya chupa huku nikilia, Mungu akamnusuru. Tangu siku hiyo bosi wangu ameniruhusu nimweke kwenye kivuli cha ua wa nyuma, na hakuna aliyedhurika.

Kijana wa Magongo
Mimi mnieleze jambo moja: bandarini Kilindini wako mbwa wa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya makontena. Wale si wageni kazini, wale ni wafanyakazi. Tatizo ni mbwa asiye na kazi yoyote pale alipo.

Niliyeumwa Changamwe
Sikukusudia kuandika, lakini hilo la "mnyama mpole" limenirudisha mbali. Nilikuwa karani katika bohari moja, na mbwa wa ulinzi alizoeshwa kulala chini ya meza ya msimamizi wakati wa mchana, kwa kuwa nje kulikuwa na jua kali. Kila mtu alimpigapiga kichwani. Siku moja nilipita na mafaili kifuani, nisione chini, nikamkanyaga mkia. Alinishika shavu la mguu na hakuachia mpaka bawabu alipompiga kwa ufagio. Ninakumbuka kiatu kikijaa damu kwa ndani, kikinata kila nilipokanyaga. Msimamizi akaniambia nisiwe na wasiwasi, mbwa amechanjwa, nami nikamwamini, nikafunga leso, nikarudi mezani kuandika risiti. Usiku mama yangu ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Nilidungwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa siku hiyo, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na siku 10 nzima kila asubuhi nilipiga simu bohari kuuliza swali moja tu, maana mbwa mwenye kichaa hafiki mbali: mbwa yu hai?

Msomaji wa Ganjoni
Subhanallah. Je, alikuwa hai?

Bint Kuze
Dada, usituache hapo.

Mvuvi wa Mtwapa
Kwetu wazee walikuwa wakipaka jeraha pilipili iliyosagwa, na watu walipona.

Nesi Mstaafu wa Tudor
Baba, kwa heshima zote, usimshauri mtu hivyo. Jeraha la mbwa huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu huenda kupata chanjo siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, ni nadra mno mtu kupona. Nimewauguza, na sitaki kuona tena mtu anayekiogopa kikombe cha maji.

Kijana wa Magongo
Basi wapigwe marufuku wote.

Mama wa Bamburi
Wote kwa kosa la nani?

Mwana wa Kibokoni
Nimewasoma nyote. Jumatatu nitamwomba mkurugenzi siku ihamishwe kutoka Ijumaa, mbwa wakae ua wa chini, na kila mwenye mbwa alete cheti cha chanjo. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, kwa hiyo siombi hisani.

Niliyeumwa Changamwe
Mbwa aliishi, alhamdulillahi. Lakini wewe, kaka, usitosheke kuonyeshwa cheti, soma tarehe. Cha yule mbwa nilikiona baadaye, kilikuwa kimepitwa na miaka miwili.