Shela au upande wa Gede? Likizo ya kutembea kwa miguu, natakiwa kulipa kabla ya Ijumaa

MamaNasra_MLD
Assalam alaykum ndugu zangu. Nina wageni wanakuja, na wamesema wazi hawataki likizo ya kulala bichi. Wanataka asubuhi watoke kwa miguu waone nchi, mchana wapumzike, usiku walale mahali pa raha, si mahali pa kuvumilia. Nimebaki na mawili. La kwanza ni nyumba Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, ghorofa tatu, ina mpishi na dari lenye makuti. La pili ni vyumba vya bustani njia ya Gede kuelekea Watamu, na msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu. Wote wawili wanataka nusu ya pesa kabla ya Ijumaa. Nyinyi mngechagua wapi?

Pwaguzi
Dada, umetupa nyumba mbili bila watu ndani yake. Wageni wangapi? Mwezi gani? Wana miaka ishirini au sabini? Bajeti? Na wanatembea kweli, au ni wale wa kutembea mpaka kwenye meza ya chakula?

Bin_Amu
Shela, halafu ufunge uzi huu. Ukifungua mlango tu uko njiani, gari hakuna. Kushoto kwako kijiji, kulia ufuko wa kilomita kumi na mbili, vilima vya mchanga upande mmoja na bahari upande wa pili. Siku ya pili wanakwenda Amu mjini, yaani mji wa Lamu, kwa miguu, dakika arubaini na tano, wanaingia vichochoroni mpaka wachoke. Siku ya tatu Matondoni, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini kupitia mashambani, minazi na miembe, mpaka kwa mafundi wa majahazi. Wataona ubao unavyochongwa kwa tezo na pamba inavyoshindiliwa kwenye nyufa. Huko Watamu wataona nini, pizza?

KobeWaMida
Sheikh, pizza ziko Malindi mjini, huku kwetu usituingize. Mchanga ukishauona kilomita ya kwanza umeona zote kumi na mbili. Arabuko-Sokoke ni karibu kilomita za mraba 420 za msitu, na ndani yake unapita aina tatu za msitu kwa asubuhi moja: mchanganyiko, halafu ya miti ya mrihi, halafu ile ya mchanga mwekundu. Kuna sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ukikaa kimya unamsikia akichakura majani kabla hujamwona. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, hajafika kiganja na nusu kwa urefu. Alasiri unaingia magofu ya Gede, kivuli mwanzo mpaka mwisho, kaburi lenye tarehe ya 1399, msikiti mkuu, visima. Kesho yake hori la Mida, ile njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko. Yote hayo hayazidi mwendo mfupi wa tuktuk kutoka kitandani.

Fundi_Dari
Mimi nakarabati nyumba za mawe, basi niseme linalonihusu. Kabla ya kutuma shilingi, muombe mwenye nyumba picha ya NGAZI. Si ya kitanda chenye neti nyeupe na maua juu ya mto, hiyo kila mtu anayo. Ngazi. Nyumba nyingi za Lamu na Shela ngazi zake ni nyembamba, vipandio virefu, na hazina pa kushika. Chumba kizuri chenye upepo ndicho cha juu kabisa. Mtu ametembea asubuhi nzima, kisha unampandisha ghorofa tatu kuoga. Na uulize maji ya bafuni kama yana chumvi.

MamaNasra_MLD
Ahsanteni. Samahani kwa haraka yangu. Ni wanawake wanne, tulisoma pamoja, mmoja anatoka Dodoma, waliobaki Nairobi. Agosti. Mimi nitakuwa nao siku za mwanzo kisha narudi kazini.

Mzee_Kanzu
Binti yangu, Agosti ni kusi, upepo wa kusini. Kuna baridi kidogo, upepo unasaidia mtembeaji, hilo ni zuri pande zote mbili. Lakini mlango wa bahari pale Shela huchafuka, kwa hiyo asiyependa boti asiahidiwe safari nyingi za boti.

La muhimu zaidi ni maji. Hawa vijana wanakutajia kilomita, hawakutajii maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Hapo mtembeaji ana raha: anatoka saa moja unusu, mchanga mgumu kama sakafu, anarudi kabla jua halijawa kali. Siku za maji mafu ni kinyume, saa nne asubuhi bahari iko juu, ingawa haipandi sana, nawe unasukumwa kwenye mchanga laini unaozamisha kifundo. Ufuko ni ule ule, lakini mwendo wa saa moja unakuwa wa saa mbili. Hata ile njia ya Shela na Amu, maji yakijaa sana huwezi kupita chini ya kuta, unazunguka kwa nyuma. Basi anza na kalenda ya mwezi, nyumba baadaye.

Pwaguzi
Bajeti bado hatujaambiwa. Naandika tu ili isisahaulike.

ChaiYaRangi
Mzee Kanzu amenikumbusha jambo, acheni niliseme lote.

Tulikwenda Lamu mimi na dada zangu, nyumba nzuri sina neno, mpishi fundi. Tukataka Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda. Mwenye nyumba akatuletea nahodha "wake". Kwa wasiojua, Takwa unaingia kwa mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, na mashua hupita maji yakijaa tu. Nahodha alijua, kwa sababu alituambia mwenyewe: tunaingia saa tisa, tunatoka kabla ya saa kumi na moja unusu. Sawa. Tukaona msikiti, tukaona kaburi la mnara, tukatembea mpaka upande wa pili kuna ufuko mtupu mzuri ajabu. Saa kumi na moja tuko kwenye mashua. Nahodha hayupo. Kijana wake anasema amekwenda kumwona mtu.

Alikuja magharibi imeshaingia, ana mfuko wa embe na hana hata pole. Tulikwenda labda mita mia mbili. Mashua ikakaa kwenye tope kama imepigiliwa misumari. Akasukuma kwa pondo, pondo likazama likabaki huko. Kijana akashuka, tope likamfika mapajani, akapanda tena. Sasa ni giza, mikoko pande zote, kaa wanakwaruza mizizi, na mbu! Dada yangu mdogo alijifunika kichwa na tanga. Simu mtandao unakuja na kuondoka. Nahodha anatuambia tuzime tochi zisije kumaliza chaji, kumbe hataki mwenye nyumba aone picha. Tulitoka usiku mkubwa maji yaliporudi, na asubuhi akaja kudai pesa ya "muda wa ziada". Mwenye nyumba naye badala ya kututetea akatuambia bahari ni ya Mungu.

Sisemi msiende Lamu. Nasema nyumba nzuri na mtu wa kukutembeza ni vitu viwili, na ule mpango wa "kila kitu tunawafanyia" ndio uliotulaza kwenye tope.

Bin_Amu
Pole sana dada, na huyo si nahodha, ni mtu mwenye mashua. Tofauti ipo. Lakini usimhukumu kila mtu kwa mmoja. MamaNasra, mwambie mwenye nyumba nahodha utatafuta mwenyewe jetini, na pesa hutoi mpaka mguu ukanyage Shela tena.

KobeWaMida
Huku hatuna matatizo ya nahodha. Nasema tu.

ChaiYaRangi
Huku mna tembo.

KobeWaMida
Tembo wapo, kweli, ndiyo maana msitu hauingii peke yako. Unachukua mwongozaji pale kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Wengi wao ni vijana wa vijiji vya hapo hapo, ndege wanawajua kwa sauti. Malipo ya kiingilio ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, basi walipe wakiwa bado wana mtandao. Watoke saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne msitu umenyamaza. Kwa uaminifu niseme pia Agosti Mida haijachangamka, ndege wale wahamiaji wengi wao bado hawajafika. Njia ya mbao na mikoko vipo, ila ukitaka kuona ndege mchanga wote umekuwa mweupe ni baadaye, kuelekea Desemba.

MamaNasra_MLD
Bajeti: nyumba nzima isizidi elfu kumi na nne kwa usiku, chakula mbali. Shela wamesema kumi na tatu, huku kumi na moja pamoja na chai ya asubuhi. Na nimesahau, mmoja ana goti. Alifanyiwa upasuaji mwaka jana. Anatembea vizuri tambarare, kushuka ndiko kunamsumbua.

Fundi_Dari
"Nimesahau" goti! Dada, goti ndilo swali lenyewe. Rudi kwenye ngazi.

Pwaguzi
Nilijua tu. Kuna goti kila safari.

Mzee_Kanzu
Kwa goti, mchanga mgumu wakati wa kupwa ni mzuri kuliko msitu wenye mizizi. Lakini vilima vya mchanga aviache. Kupanda ni taabu, kushuka ni balaa. Na Marafa pia, maana najua kuna atakayeitaja. Kutoka Malindi ni kilomita thelathini na kitu, ile bonde la rangi rangi, nyekundu na nyeupe na waridi, inapendeza jua likielekea kutua. Mwenye goti akae juu kwenye ukingo, wenzake washuke. Mchana wasiende kabisa, chini huko joto linapikwa.

Bin_Amu
Vilima waviache wote, si mwenye goti tu. Maji tunayokunywa Amu yako chini ya vilima vile. Mvua inaingia mchangani, inakaa, ndiyo visima vyetu.

Pwaguzi
Sasa nyayo za wanawake wanne zitamaliza maji ya Lamu? Mbona majumba ya kifahari yamejengwa ukingoni kabisa na hukuwaandikia?

Bin_Amu
Nani kasema hatukuwaandikia? Tumepiga kelele miaka. Tatizo kubwa ni ujenzi na mashimo ya vyoo, hilo nakubali. Lakini mgeni akipita juu, kesho anakuja mwingine na baiskeli ya magurudumu manne, keshokutwa ni barabara. Bodaboda zilianzaje? Tuliambiwa ni moja tu, ya dharura.

KobeWaMida
Kwa hiyo kile kisiwa "hakuna gari" sasa kina bodaboda? Hukusema mwanzo.

Bin_Amu
Nimesema gari. Na punda bado ni wengi kuliko bodaboda.

Fundi_Dari
Na wanalia saa tisa za usiku chini ya dirisha. Mwenye usingizi mwepesi apewe chumba cha ndani, si cha kichochoroni.

ChaiYaRangi
Kwa mpango wangu: usiku wa mwanzo huku Gede, wamalize msitu na magofu wakiwa na nguvu, kisha basi mpaka Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia Lamu, boti, Shela usiku zinazobaki. Barabara ya kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu sasa ni lami. Mwenye goti achukue chumba cha chini kote kuwili.

Mzee_Kanzu
Basi ni refu kwa mtu wa goti. Atafika amekakamaa. Mimi ningewaacha upande mmoja.

KobeWaMida
Upande gani mzee?

Mzee_Kanzu
Upande wenye chumba cha chini.

MamaNasra_MLD
Nimempigia wa Shela. Chumba cha chini kipo lakini ndicho cha mpishi, anasema anaweza "kuzungumza naye". Huku njia ya Gede vyote ni vya chini, ila kuna ujenzi jirani, nimesikia mashine ikisaga kokoto wakati tunaongea. Na shangazi wa mume wangu amesikia habari, naye anataka kuja. Yeye hatembei. Anataka tu mahali penye mahamri na mbaazi za nazi.

Pwaguzi
Hapo Lamu imeshinda. Shangazi ndiye hakimu.

KobeWaMida
Mbaazi za Malindi zina kasoro gani?

Bin_Amu
Usinichekeshe. Mbaazi tunaweza kugawana, lakini mkate wa mofa wa moto asubuhi, mwambie shangazi auulizie.

ChaiYaRangi
Mofa siku hizi ni wachache wanaopika kwa tanuri. Wengi ni jiko la gesi na uongo.

Fundi_Dari
Mama mmoja karibu na Langoni bado ana tanuri la udongo. Nilimtengenezea mdomo wake mwenyewe.

Bin_Amu
Mdomo wa tanuri, uandike vizuri, watu wasielewe vingine.

Bahari_Shwari
Habari zenu, samahani kuingilia. Mmetaja basi la Mokowe. Kuna anayejua lile la asubuhi linapita Malindi saa ngapi, na kama wanapakia baiskeli juu? Nina mbili.