Naombeni riwaya fupi yenye funzo la maisha, ni ya binti yangu wa kidato cha tatu

BabaTabata: Wakuu, habari za jioni. Naombeni majina ya riwaya fupi, za Kiswahili zikiwepo nitashukuru zaidi, zenye funzo linalobaki kichwani. Kitabu kinene binti yangu anakiacha njiani. Navihitaji kabla ya wikiendi, msipite kimya.

MpendaKurasa: Adili na Nduguze, Shaaban Robert, 1952. Jioni mbili umemaliza. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu, jini anawageuza manyani. Mimi kinachonikaa mpaka leo ni Adili mwenyewe: kila usiku lazima awachape wale manyani, na akiwachapa analia.

KigamboniDamu: Mimi nasema The Old Man and the Sea ya Hemingway. Mzee Santiago, siku 84 hajapata samaki, na bado anaingia baharini. Nilikisoma kwenye pantoni kipindi sina kazi. Asubuhi nashuka Feri, nasimama pembeni ya mnada naangalia watu wanavyogombea changu, mfukoni sina hata hela ya dagaa. Kile kitabu kilinishika mkono, sisemi uongo.

MamaZai: Kaka, mbona haraka hivyo? Kitabu hakimezwi kama dawa ya malaria. Huyo mtoto ana nini?

BabaTabata: Ni mambo ya nyumbani dada yangu, nilitaka majina tu.

MamaZai: Tutakushaurije hatujui?

BabaTabata: Haya. Nimekuta meseji za mvulana kwenye simu yake. Simu nimeichukua na nimemchapa, sikatai. Wiki nzima hatoki getini, shule nimemsimamisha mpaka nimpatie bweni mkoani. Rosa Mistika nimeshainunua Posta kwa wale wa vitabu vya mitumba. Nataka aone mwisho wa msichana asiyesikia wazazi, halafu nimuongezee viwili vitatu. Msinihukumu, kulea binti Dar hii si mchezo.

MzeeWaTanga: Simu ndiyo imewaharibu. Sisi tulisoma kwa kibatari na adabu ilikuwepo. Kaza hapo hapo mwanangu.

TichaKiswahili: Mkuu, Rosa nimeifundisha. Kezilahabi alipoitoa 1971 ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikarudi ikawa inafundishwa. Umeisoma au umesimuliwa? Zakaria, baba yake Rosa, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana anakua anaogopa wanaume. Akifika chuoni, mbali na macho ya baba, hana alichofundishwa zaidi ya woga, na hapo ndipo anapoharibikiwa. Kabla ya kumlaumu binti, mwandishi anamnyooshea kidole baba. Na mwisho Rosa anajiua. Mtoto uliyemchapa ukamfungia ndani, kweli unampa hicho asome peke yake?

JichoKali: Chai hii. Baba mkali, barua, kipigo, kwenda kusoma mbali. Kageuza barua kuwa meseji, basi. Huyu ana kazi ya uchambuzi wa fasihi, anataka tumfanyie.

Mbagala4Life: Na mimi nimeshtuka. Akaunti yenyewe mpya.

BabaTabata: Nitunge ili nipate nini? Niliisoma zamani nikiwa shule, nikabaki na ule mwisho. Na Zakaria alikuwa mlevi, mimi pombe sinywi, tusifananishwe. Bweni ni kwa usalama wake.

JichoKali: Chai yenye tangawizi.

MamaZai: Iwe chai iwe kweli, kuna baba mwingine anasoma hapa kimya na amefanya hivyo hivyo. Baba yangu alinichomea madaftari kwa karatasi moja ya mvulana aliyoikuta ndani. Nilichojifunza ni kuficha vizuri zaidi. Kaka, Jumatatu mtoto aende shule. Rosa kama lazima aisome, someni wote, sura yako sura yake, na yeye aseme anavyomuona Zakaria. Wewe nyamaza usikilize.

TichaKiswahili: Nakazia. Anza na Adili.

BabaTabata: Jumatatu ataenda. Rosa nakaa nayo kwanza. Simu simrudishii, hilo msiniambie kitu. Huyo Adili anapatikana wapi?

MpendaKurasa: Jaribu hapo hapo Posta. Ukimkosa njoo PM, nina nakala mbili.