Bima wanataka tumalizane nje ya korti, nitie sahihi?

Abiria wa Kaptembwo: Wadau, hamjambo. Mwaka jana matatu yetu ilipata ajali Salgaa nikavunjika mguu. Kesi iko korti ya Nakuru. Sasa bima wanatoa 480,000 tumalizane, na wakili hanipi nafasi ya kupumua, kila asubuhi ni simu niende nitie sahihi. Mguu bado una vyuma, na karo ya watoto imenikaba. Nichukue ama ningoje hakimu?

Mama Bondeni: Pole sana. Hizo 480,000 ni zako zote, ama ada ya wakili imo humo humo? Akuandikie unashika ngapi mkononi.

Karani Mstaafu: Mwanangu, soma karatasi ya bima polepole. Kwa kawaida husema umelipwa madai yote, ya sasa na ya baadaye. Siku ya kutolewa vyuma, hiyo operesheni ni ya mfuko wako. Daktari aandike kwanza itagharimu pesa ngapi, ndipo muongee bei. Njia ya kati pia ipo: mnapatana lawama pekee, tuseme 80 kwa 20, yaani wao wabebe asilimia 80 ya lawama na wewe 20, kiasi cha pesa mnamwachia hakimu. Ingawa abiria aliyekaa kwenye kiti chake, hata hiyo 20 ni ya nini?

Jakisumu: Usidhani utatia sahihi leo ubadilishe nia kesho. Mapatano yakishaandikwa kortini chini ya Agizo la 25 la kanuni za kesi za madai yanakuwa hukumu, na hukumu ya kukubaliana haikatiwi rufaa. Kesi ya Flora Wasike na Destimo Wamboko, 1988, Mahakama ya Rufaa ilisema huvunjwa tu kwa sababu zinazoweza kuvunja mkataba, kama vile ulaghai. Tena mwandikie wakili wako, hata kwa WhatsApp, asikubali chochote kabla hujasema ndiyo. Akipatana kwa niaba yako, korti huchukulia wewe ndiye uliyemtuma.

Mama Bondeni: Na tarehe ya kulipwa iandikwe, pamoja na riba wakichelewa. Bila hiyo utazungushwa.

Abiria wa Kaptembwo: Asanteni. Nimemuuliza wakili, kumbe ada yake imo ndani. Naona daktari Alhamisi.

Karani Mstaafu: Imo ndani? Basi kalamu iache nyumbani. Waambie waongeze gharama za kesi kando, na za vyuma. Wakikataa, mwambie wakili achukue tarehe ya kusikizwa.