Wakwe wanakuja Mikindani: tule Boma, kwa mama ntilie au turudi Feri mjini?

KusiniKwetu: Wakuu habari za jioni. Napokea wakwe toka Dodoma wiki ijayo, ni kama watu saba hivi na mama mkwe miguu inamsumbua. Nataka niwapeleke Mikindani wakaone nyumba za mawe na milango ya nakshi halafu tupate chakula cha mchana cha maana. Nimebaki na sehemu tatu: lile Boma la Mjerumani, mama ntilie wa pale pale Mikindani, au turudi Mtwara mjini tule samaki Feri, pale soko la samaki. Mnashaurije?

mwana_shangani: Boma mkuu, wala usiwaze mara mbili. Jengo la 1895 lile, lilikuwa limechakaa wakalikarabati likawa hoteli, unakaa juu unaiona ghuba yote. Kwa wakwe ni heshima. Ila piga simu siku moja kabla useme mko wangapi na mnataka nini, usitokee tu na watu saba njaa inawauma.

BiMikindani: Mwanangu mwenye wakwe, mandhari hailiwi. Kwanza angalia mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu ndo bamvua, maji yanakupwa mbali, kina mama wanashuka mwambani na pweza anakuwepo wa leo leo. Siku hizo nenda kwa mama ntilie mapema, mwambie akuwekee pweza wa nazi na wali, atampondaponda vizuri mpaka hata wazee watatafuna bila shida. Maji yakiwa mafu, yaani hayakupwi mbali, pweza anaadimika, ukimkuta hotelini ujue katoka kwenye friza. Sio kwamba ni mbaya, ila watu wametoka Dodoma jamani, huko friza wanazo!

mwana_shangani: Hapo kwenye bamvua nakubali bi mkubwa. Lakini mama mkwe miguu inamuuma, atakaa kwenye benchi saa nzima?

BiMikindani: Viti vya plastiki vipo baba, na kivuli kipo. Kinachomshinda mgonjwa wa miguu ni kupanda kule mlimani Boma, labda gari iwafikishe mpaka juu.

dereva_bajaji: Feri nayo msiidharau, toka Mikindani mpaka Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu na lami yote. Raha ya Feri unachagua samaki mwenyewe, changu, tasi, nguru akiwepo, unaangalia jicho liwe linang'aa, lisiwe na ukungu, na shavu jekundu ndani, ndo unampa anayekaanga. Ubaya ni kelele na kusimama simama, na nzi mchana wapo, kwa hiyo mama mkwe hapana. Halafu ujue kipindi hiki upepo wa kusi ukivuma sana vyombo haviendi mbali, unaweza kufika ukakuta vibua tu, ila kibua wa kukaanga na ndimu na pilipili mimi sibadilishi na kitu.

Mngoni_Masasi: Msisahau ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, wageni wa bara wengi hawajawahi kuiona. Mkiikuta barabarani wanunulie ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, wanamenya kwa mkono wakiwa kwenye gari.

KusiniKwetu: Asanteni sana. Nimecheki, siku wanayofika ni siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua bado lipo. Nitafanya hivi: asubuhi tunazunguka mji wa zamani, mchana pweza kwa mama ntilie, jioni nawapandisha Boma kwa gari tunywe chai na juisi tu. Bi Mikindani, huyo mama nimpe oda lini?

BiMikindani: Jana yake jioni, na umpe na hela ya nazi kabisa. Mwambie wali asiutie chumvi nyingi, wazee hao.