Nimelipa ghala langu la chuma lihamishwe kutoka Vingunguti, nimeletewa lundo la vyuma Mlandizi

Wakuu, habari za humu.

Nimenyamaza kiasi cha kutosha. Leo naandika nikiwa na hasira, na atakayeona lugha ni kali anivumilie mpaka mwisho, maana jambo hili linaweza kumkuta yeyote mwenye ghala au karakana ya chuma anayefikiria kuihamisha.

Mimi natengeneza na kuuza chakula cha kuku. Ghala langu lilikuwa Vingunguti kwenye kiwanja cha kupanga. Mkataba ukaisha, mwenye kiwanja akataka eneo lake, na hiyo ni haki yake. Ghala lenyewe ni mali yangu: upana mita 18, urefu mita 30, fremu 6 za chuma (kila fremu ni nguzo mbili zilizounganishwa juu na rafta, yaani chuma kinachobeba paa), lile jengo linalotoka kiwandani likiwa vipande na kufungwa kwa bolti. Nilinunua la namna hiyo makusudi, badala ya kujenga kwa tofali, ili siku nikiambiwa hama nihame nalo. Nikapata kiwanja changu mwenyewe Mlandizi, nikatafuta mkandarasi. Simtaji, shauri lipo kwa wakili. Alizunguka ghala mara moja, akaniambia kwa kujiamini, "Mama, hii kazi ndogo," akachukua asilimia 60 ya pesa kabla ya kugusa hata nati moja.

Leo ghala langu limelala kwenye majani. Nguzo zimerundikwa juu ya rafta, palini (fito za chuma zinazoshika mabati na kuunganisha fremu) zimepinda, mabati yametoboka kama chujio. Mahindi na pumba nimehifadhi kwa watu na nalipia kila mwezi. Na yeye anadai aongezewe hela ili amalizie.

Amalizie nini?

Nianze na Vingunguti. Jengo la aina hii halibomolewi, linafunguliwa, tena kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua jinsi lilivyofungwa. Waliolisimamisha walianza na ile nafasi yenye vyuma vya mkingamo, vile vinavyokatizana umbo la X ukutani na chini ya paa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kusimama yenyewe. Fremu nyingine zikafungwa hapo kwa palini, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wakati wa kufungua, nafasi hiyo ndiyo inayoguswa mwisho. Fremu ina nguvu kwa upande wa upana wa jengo, lakini kwa upande wa urefu, ukiiondolea palini na mkingamo, upepo tu unaiangusha.

Vijana wake walianza na mkingamo. Nilikuwa pale, niliona kwa macho yangu. Fremu ya tatu inayumba, kijana wa watu yuko juu yake, hana mkanda, miguuni kavaa kandambili. Nilipiga kelele mpaka watu wa karakana za jirani wakatoka nje. Msimamizi akanijibu, "Mama tulia, hawa wamezoea." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na yule kijana ana mama yake nyumbani. Aliyeokoa siku ile ni mzee wa winchi, mtu wa kukodi tu, aliyezima mashine na kukataa kuinua chochote mpaka fremu zote zifungwe kamba. Mzee yule namshukuru mpaka kesho.

Sasa kwenye namba ndipo damu inaponichemka. Kabla skrubu ya kwanza haijatoka, kila kipande kinatakiwa kipewe alama: fremu ya ngapi, kulia au kushoto, upande gani unatazama mlango. Alama hiyo huandikwa kwa rangi ya mafuta, au hugongwa kwenye chuma chenyewe, kisha namba ile ile inaandikwa kwenye ramani. Ramani ya kiwandani nilikuwa nayo, nimeitunza miaka yote kwenye faili, nikamkabidhi mkononi. Niliikuta saiti imetandikwa chini, juu yake wamechanganyia saruji. Na namba waliandika kwa chaki. Chaki, wakuu! Ilinyesha mvua moja, hakuna kilichobaki.

Nilipolalamika akaniambia, "Mama, chuma ni chuma, tutaoanisha." Si kweli hata kidogo. Fremu mbili za mwisho, ya ukuta wa mbele na ya ukuta wa nyuma, zinabeba karibu nusu ya paa linalobebwa na fremu ya katikati, kwa hiyo zangu zilitengenezwa nyepesi zaidi, na ramani ilisema hivyo waziwazi. Kwa macho zinafanana: urefu ule ule, rangi ile ile, matundu yale yale. Tofauti iko kwenye unene wa chuma, milimita chache ambazo huzioni mpaka upime. Ukiiweka fremu nyepesi katikati bila kujua, siku ya upepo mkubwa itabeba mzigo usio wake, na chini yake kuna wapakiaji wangu wenye familia. Hiyo ndiyo kuoanisha anayoitaka. Sasa hivi mimi na kijana wangu wa dukani tunakwenda na kipimo cha unene, tunapima kipande kimoja kimoja kwenye majani, kazi ambayo nilishamlipa mtu aifanye.

Halafu gesi. Nati za chini ya nguzo zilikuwa na kutu, hilo nalielewa, ghala lilikuwa la miaka. Nati yenye kutu inapakwa mafuta ya kulainisha, inaachwa inywe, inapigwa spana ndefu. Ikigoma kabisa, unaikata nati yenyewe kwa grinda, taratibu, bila kugusa kitako cha nguzo, lile bamba la chuma lenye matundu ya bolti. Wao walileta mtungi wakachoma kila kitu pamoja. Niliinama nikatazama kitako kimojawapo kwa karibu: tundu lililokuwa duara safi sasa lina meno, pembeni yake yameganda matone ya chuma kilichoyeyuka, na rangi imeungua kwenda juu kiasi cha shubiri. Kuna vitako vinne vya namna hiyo. Vitako hivyo ndivyo vinavyoshika jengo zima ardhini paa linapotaka kung'olewa na upepo.

Bolti za kuunganisha rafta na nguzo ndizo zilizonikosesha usingizi. Zilikuwa zimeandikwa 8.8 kichwani. Kwa asiyejua, 8 ya kwanza ina maana bolti inakatika kwenye megapaskali 800 (kipimo cha mvuto ambao chuma kinaweza kubeba), na 8 ya pili ina maana inaanza kuvutika isirudi ilivyokuwa ikifika asilimia 80 ya hapo. Walizitia kwenye viroba, viroba havikufika Mlandizi. Nina shaka zimeuzwa skrepa, na nimemwambia hivyo usoni. Alizoniletea badala yake nyingi hazina alama yoyote kichwani, na chache zimeandikwa 4.6. Hiyo ni nusu ya nguvu, wakuu, megapaskali 400! Zinaingia tunduni vizuri, unene ni ule ule, zinang'aa, na mtu asiyegeuza kichwa cha bolti akasoma hawezi kujua. Na hata zile za zamani zingefika, bolti za viungo vikuu zilizokwisha kukazwa kwa nguvu kubwa hazifai kurudishwa, zinanunuliwa mpya. Gharama hiyo ilitakiwa iwe kwenye makadirio yake tangu siku ya kwanza. Haikuwemo.

Usafiri sitaumaliza. Nusu ya rafta ina karibu mita 9, inataka semi. Alileta Fuso, vyuma vikaning'inia nyuma na kitambaa chekundu, hakuna mbao za kutenganisha, kila shimo la njiani vinagongana. Rafta mbili zimefika na mdomo wa chini umepinda. Mabati nayo waliyang'oa kwa mtaimbo badala ya kuzungusha skrubu kwa drili, kwa hiyo matundu yamechanika. Tundu zima la zamani ungeliziba kwa skrubu nene zaidi, ya milimita 6.3 badala ya 5.5, yenye mpira mpya. Lililochanika huwezi. Kofia za paa sijaziona mpaka leo.

Tuje kwenye msingi, maana hapa ndipo nilipomfungia geti.

Bolti za msingi zinapangwa kwa kufuata vitako vyenyewe. Unachukua ubao au bati, unatoboa matundu yanayolingana na kitako, unazishikilia bolti kwenye ubao huo wakati zege linamwagwa, ili zisisogee wala zisilale. Kosa linaloruhusiwa hapo ni milimita chache tu. Wao walisikia "mita 18", wakavuta futi kamba mita 18 kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya bolti. Mita 18 ni upana wa nje wa jengo! Nguzo zinakaa ndani ya hapo, na bolti ziko ndani zaidi. Matokeo yake kila upande umezidi kwa zaidi ya sentimita 30. Na baadhi ya bolti zimeinama, kwa sababu hakukuwa na ubao, kijana alizichomeka kwa mkono kwenye zege bichi.

Suluhisho lake? Anataka kukata rafta kileleni, katikati ya paa, kuchomelea kipande cha zaidi ya nusu mita ili fremu ifikie msingi wake mbovu. Hana hesabu, hana mchoro, hana mhandisi, ana mashine ya kuchomelea tu. Nikamuuliza nani atasaini hilo. Akasema, "Mama, hakuna atakayepanda juu kuangalia."

Kabla ya kuhama nilifuata taratibu zote. Kibali cha ujenzi cha halmashauri nimekiomba upya kwa sababu ni eneo jipya, na michoro imegongwa mhuri na mhandisi aliyesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhandisi alinieleza kwamba Vingunguti ghala lilikingwa na majengo ya jirani, lakini kiwanja cha Mlandizi kiko wazi pande zote, kwa hiyo akaongeza mkingamo kwenye nafasi moja zaidi na kuukuza msingi. Mkandarasi alipewa nakala ya michoro hiyo. Hakuifungua.

Najua kuna watakaosema niongeze hela kidogo yaishe. Hapana. Mkataba unasema ghala lifunguliwe, lisafirishwe na lisimamishwe likiwa zima. Nimeshaandika malalamiko kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, picha za vitako na za bolti zimeambatanishwa, na mhandisi wangu anaandika ripoti yake ya msingi.

Ninachoomba kwenu ni msaada wa vitendo. Nahitaji fundi au kampuni iliyowahi kufungua na kusimamisha jengo la fremu za bolti, yenye kazi ninayoweza kwenda kuiona kwa macho, si picha za simu. Nahitaji duka Dar linalouza bolti za 8.8 zenye cheti cha kiwandani, za M20 na M24, yaani unene wa milimita 20 na 24. Na kama kuna aliyewahi kubadilisha kitako cha nguzo kilichochomwa gesi, aniambie alikata na kuweka kipya, au alitupa nguzo nzima, na mhandisi wake alisema nini.

Na wewe mkandarasi, nimeambiwa unasoma humu. Mtungi wako hautaingia tena kwangu. Bomoa ile misingi kwa gharama yako, rudisha bolti zangu au thamani yake, lipa rafta mbili ulizopinda na kofia za paa. Namba ya wakili unayo.