Amazon HQ2: Maryland, Newark, New York, Virginia, Toronto. Nani alicheza vizuri?

MpangaMiji (Silver Spring, Maryland)

Wakuu, salaam. Kwenye mjadala wa misamaha ya kodi mwenzetu mmoja alisema mji usiomwaga pesa haupati kampuni kubwa. Sikubaliani naye, na ushahidi upo hapa hapa ninapoishi, kwa hiyo nimeona tuufungulie uzi wake.

Septemba 2017 Amazon ilitangaza inatafuta mji wa kujenga makao makuu ya pili nje ya Seattle: ajira 50,000, uwekezaji wa dola bilioni 5, mshahara wa wastani zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Maombi 238 yalipelekwa kutoka Marekani, Kanada na Mexico. Januari 2018 yakachujwa yakabaki maeneo 20. Novemba mwaka huo kampuni ikagawa mradi vipande viwili, ajira 25,000 Long Island City kule Queens, na nyingine 25,000 Crystal City, Arlington, Virginia. Nashville ikapata kituo cha uendeshaji chenye ajira 5,000.

Sasa angalieni ofa zenyewe:

- Maryland (kaunti ya Montgomery, kwetu): kama dola bilioni 8.5, ndani yake bilioni 2 za barabara na usafiri. Tulikosa.
- Newark, New Jersey: bilioni 7. Walikosa.
- New York: karibu bilioni 3, jimbo na jiji kwa pamoja. Walipata, wakapoteza.
- Virginia: milioni 573 za moja kwa moja. Walipata, na bado wanayo.
- Toronto: hakuna pesa mpya. Waliingia 20 bora.

Kutoka kwangu kwenda Crystal City unabadilisha treni ya Metro mara moja tu. Wafanyakazi ni wale wale, viwanja vya ndege ni vile vile, na serikali kuu ya Marekani iko katikati yetu. Maryland iliweka mezani karibu mara 15 ya kile kilichowekwa na jirani wa ng'ambo ya mto, na jirani ndiye aliyechukua. Anayesema pesa ndiyo iliyoamua anieleze hilo.

BintKisauni (Queens, New York)

Kaka, New York umeipitia juu juu, na mimi nilikuwepo. Long Island City haikuwa sehemu iliyolala ikisubiri mkombozi, maghorofa ya vioo yalishaanza kuota kila kona. Karibu kabisa na pale walipopachagua kuna Queensbridge, mtaa wa nyumba za serikali ulio mkubwa kuliko yote Marekani. Watu wa pale hawakuwa na sauti moja. Wapo viongozi wa wapangaji walioitaka Amazon kwa sababu ya ajira za vijana, na wapo waliohofia kodi ya pango ingewahamisha.

Kilichouharibu mpango ni namna ulivyopikwa. Gavana Cuomo na Meya de Blasio walitumia utaratibu wa jimbo uliolikwepa Baraza la Jiji. Wananchi wakapata habari mkataba ukiwa tayari, na ndani yake kuna kipengele cha kuisaidia kampuni kupata kibali cha kutua helikopta. Hebu fikirieni mtu anayepanda treni namba 7 asubuhi, amebanwa mpaka hawezi kuinua mkono, halafu asome hicho kipengele. Kiliwachoma watu kuliko zile bilioni zote, kwa sababu bilioni hakuna anayeziona, lakini helikopta kila mtu anaijua.

Februari 2019 Seneta wa jimbo Michael Gianaris, aliyekuwa akiupinga mradi waziwazi, akapendekezwa kwenye bodi ya jimbo yenye uwezo wa kuuzuia. Tarehe 14 mwezi huo huo Amazon wakajitoa.

Mimi niliumia, nasema kweli, maana ajira 25,000 si mchezo. Lakini Desemba 2019 walikodi ofisi Hudson Yards, Manhattan, kwa wafanyakazi zaidi ya 1,500, na 2020 wakanunua jengo la zamani la duka la Lord & Taylor, Fifth Avenue. Walikuja wenyewe bila kifurushi kile.

Mhasibu_Kariakoo (Dar es Salaam)

Dada umesema. Mimi naomba tuziache jumla, tuhesabu kwa ajira moja, maana jumla hudanganya. New York nafuu ya kodi ilikuwa bilioni 1.2 kwa ajira 25,000, yaani dola 48,000 kwa kila ajira, na hapo ruzuku nyingine hujaziweka. Virginia ruzuku ya jimbo ni 22,000. Nashville ruzuku ya jimbo ni milioni 65 kwa ajira 5,000, sawa na 13,000. Kampuni ile ile, siku ile ile ya kutangaza, bei tatu. Maana yake kila mmoja alijadiliana kivyake gizani, na maofisa wa miji mingi walikuwa wamesaini kutotoa siri.

Kilichonivutia ni mkataba wa Arlington. Kaunti iliahidi milioni 23 kwa miaka 15, ila zitoke kwenye ongezeko la kodi ya vyumba vya hoteli tu. Wageni wakiongezeka, kampuni inapata sehemu yake. Wasipoongezeka, haipati. Korona ilipokuja na hoteli zikawa tupu, kaunti haikudaiwa kitu. Jimbo nalo linalipa ajira ikishakuwepo na mshahara ukishathibitishwa, tena kwa kuchelewa miaka kadhaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hawa walianza na daftari.

Halafu mkuu MpangaMiji hujataja kitu ambacho kwangu ndicho kiini. Pembeni ya zile milioni 573, Virginia iliamua kuwekeza kwenye vyuo: kampasi mpya ya Virginia Tech pale Alexandria, na mpango wa kuongeza wahitimu 31,000 wa fani za kompyuta jimbo zima ndani ya miaka 20. Amazon ikihama kesho, hao wahitimu hawafungwi kwenye maboksi wakaondoka nayo.

MkenyaColumbus (Columbus, Ohio)

Wakubwa, mnalinganisha watoto wa tajiri. Virginia ina Pentagon (wizara ya ulinzi) hatua chache kutoka Crystal City, ina wahandisi waliokuwepo kabla Amazon haijazaliwa, na ina uwanja wa ndege wa Reagan ambao unaufikia kwa miguu. Crystal City yenyewe ilikuwa na ofisi tupu kwa sababu jeshi lilihamisha watu wake, kwa hivyo majengo ya kuanzia yalikuwepo. Mji wa aina hiyo unaweza kutoa kidogo na bado ushinde. Columbus tulikuwa kwenye hiyo orodha ya 20, lakini sisi na Indianapolis tusipoweka pesa mezani tunaitwa na nani?

Januari 2022 Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walitangaza kiwanda cha dola bilioni 20 New Albany, hapa karibu. Jimbo liliweka kama bilioni 2. Bila hizo naamini wangeenda kwingine. Msiwahukumu walio mbali na bahari kwa kipimo cha walio pwani.

MpangaMiji

Mkuu, hoja yako ya Pentagon naikubali yote. Na inanisaidia: kama mshindi alishinda kwa watu na usafiri alivyokuwa navyo tayari, basi hata zile milioni 573 huenda hazikuhitajika. Kuhusu Intel, kiwanda hicho sasa kimesogezwa mbele, sehemu ya kwanza inatarajiwa kuanza kazi 2030 au 2031. Sisemi hakitakuja. Nasema jimbo linaahidi leo kwa mapato ambayo yanasogea kila mwaka.

MamaZuhra (Toronto)

Naongeza la kwetu kwa ufupi. Serikali ya Ontario ilikataa kumwaga pesa mpya. Tulichouza ni wahamiaji wenye ujuzi wanaopata kibali haraka, vyuo, na matibabu ya umma. Hili la matibabu mnalipita: mwajiri wa Marekani anabeba bima ya afya ya kila mfanyakazi, hapa sehemu kubwa ya mzigo huo hauko kwake. Hatukuchaguliwa. Lakini hakuna mtoto wa Toronto atakayelipia ahadi ya mwaka 2017.

Otieno_Kisumu

Tusiisahau Afrika. Aprili 2021 Twitter walichagua Accra kuwa kituo chao cha kwanza barani, mbele ya Lagos na Nairobi zenye watumiaji wengi zaidi. Walitaja uhuru wa maoni, intaneti huru, na sekretarieti ya eneo huru la biashara la Afrika iliyopo Accra. Nigeria walikasirika kweli kweli. Novemba 2022, baada ya Elon Musk kununua kampuni, karibu wafanyakazi wote wa Accra walifukuzwa, siku chache tu baada ya kuhamia ofisini. Walikuwa hawafiki 20. Kelele zote zile kwa watu wasiojaza matatu moja.

Mhasibu_Kariakoo

Otieno, na Boeing je? Chicago iliipata 2001 kwa kuzishinda Dallas na Denver, ikatoa nafuu za kodi za miaka 20. Mei 2022 ikatangaza makao makuu yanahamia Arlington, mtaa ule ule wa Amazon.

MkenyaColumbus

Basi nipeni jibu la mji wa kawaida. Hatuna Pentagon. Tufanyeje?

MpangaMiji

Swali zuri, na jibu langu limo kwenye mifano miwili. Kule Arlington Amazon walifungua awamu ya kwanza Juni 2023 ikiwa na wafanyakazi kama 8,000. Awamu ya pili, PenPlace, ilisimamishwa Machi mwaka huo huo. Kwa kuwa jimbo linalipa kwa ajira iliyopo, kusimama kule hakukulifanya jimbo lilipie ajira zisizokuwepo.

Wisconsin nao 2017 waliahidi Foxconn, kampuni ya elektroniki ya Taiwan, karibu bilioni 3 kwa ajira 13,000. Jimbo lilikuwa na masharti, kwa hiyo 2021 mkataba ukaandikwa upya kwa ajira 1,454 na milioni 80 tu. Kilichoumia ni kijiji cha Mount Pleasant, kilichokuwa kimeshakopa, kimeshanunua ardhi, na kimeshaondoa watu kwenye nyumba zao ili barabara na maji yawafikie wageni.

Kwa hiyo Columbus: nafuu ya kodi toeni, ila ilipwe ajira ikishahesabiwa. Pesa za kutanguliza zipelekeni kwenye chuo, treni na maji ambayo wakazi wangeyahitaji hata kama Intel isingekuja. Na ofa ipite baraza la jiji hadharani kabla ya kusainiwa. BintKisauni ameshatueleza nini hutokea isipopita.