Kutafuta bila kujali herufi kubwa na ndogo: njia ipi kwa kihariri?

FundiArua: Wakuu, naunda kihariri kidogo cha maandishi kwa lugha ya programu ya C, cha wanaoandika Kiganda na Kiacholi. Nikitafuta "kampala" napata "KAMPALA", lakini "ŋŋoma" haioni "ŊŊOMA". Nibaki na A hadi Z, nigeuze maandishi yote kuwa herufi ndogo, au nitumie jedwali la Yunikodi, ile orodha inayopa kila herufi ya kila lugha namba yake?

KijanaMbale: Ya kwanza sahau. Inaongeza 32 kwenye namba za A hadi Z ziwe ndogo, basi. Kwa namba za Yunikodi Ŋ ni U+014A, ŋ ni U+014B, na kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, kila moja ni baiti mbili: C5 8A na C5 8B. Ukienda baiti mojamoja huzioni. Geuza zote ndogo, kazi kwisha.

DadaKodi: Kwisha wapi, ndugu yangu? İ ya Kituruki ina baiti 2. Ukiishusha kuwa ndogo inakuwa i pamoja na nukta ya kujitegemea, baiti 3. Alama ya Kelvin (K) ina baiti 3, ikishuka inakuwa k ya baiti 1. Ukitafuta kwenye nakala iliyogeuzwa kisha ukapaka rangi maandishi halisi, nafasi zimehama, rangi inaangukia neno la jirani. Halafu kuna ς, sigma ya mwisho wa neno la Kigiriki. Hiyo tayari ni ndogo, haiguswi, wakati Σ inashuka kuwa σ. Hazikutani. Jedwali la Yunikodi, yaani faili la CaseFolding.txt linalosema kila herufi ilinganishwe kama ipi, linazipeleka zote kwenye σ.

MzeeFaili: Dada kasema kweli. Ila faili hilo lina mistari ya aina kadhaa, yenye alama C, F, S na T. Ukichukua C na F, ß ya Kijerumani inakuwa ss. Ukichukua C na S, herufi moja inabaki moja. Kwa kihariri chukua C na S, mistari ya T waachie Waturuki. Usitengeneze nakala: linganisha herufi kwa herufi palepale kwenye maandishi halisi.

KijanaMbale: Si itakuwa nzito kwenye faili kubwa?

MzeeFaili: Baiti iliyo chini ya 128, yaani herufi ya kawaida kama A hadi Z, ipitishe kwenye safu ndogo, jedwali liguse zinazobaki tu. Maandishi yetu mengi ni herufi za kawaida.

FundiArua: Asanteni, nakwenda na mistari ya C na S. Je, wasio na ŋ kwenye kibodi, wanaoandika ng'?

DadaKodi: Hapo Yunikodi haikusaidii, kaka. Weka pembeni kitufe cha kuhesabu ng' kuwa ŋ, na kiwe kimezimwa mtu anapobadilisha maneno kwa mkupuo.